Kadibodi Isiyo na Asidi, Hapa Mazwi?

Mtu mzima akitamka kwamba anakusanya majarida ya katuni, watu humtazama kwa huruma. Angekusanya ng'ombe waliokonda, wanaoshinda kwenye mahindi ya jirani, angeitwa mzee. Mtaani kwetu hapa Mazwi, Sumbawanga, yupo bwana mwenye trekta bovu lililolala uani tangu mwanawe wa mwisho hajaota meno, na mwana mwenyewe sasa ananyoa ndevu. Hakuna aliyewahi kumuuliza lile trekta lina faida gani. Mimi nina masanduku ya Sani, na kila mgeni anayeketi kunywa chai kwangu huona amealikwa kutoa ushauri.

"Mzee, haya si uyauze kwa kilo?"

Kwa kilo! Maharage yanauzwa kwa kilo. Migebuka inauzwa kwa kilo siku muuzaji akiwa mkweli. Ndumilakuwili hauzwi kwa kilo.

Niwaeleze vijana, maana nao wana haki ya kujua tulichekea nini kabla ya simu. Sani ni jarida la Dar es Salaam lililoanzishwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo ndimo walimoishi Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge, Komredi Kipepe na Dr. Love Pimbi, na marehemu Philip Ndunguru alikuwa miongoni mwa wachoraji wake. Miaka ya 1980, barabara ya Tunduma ikiwa bado ya vumbi, toleo lilifika Sumbawanga likiwa limeshasomwa na dereva, konda, utingo na abiria wote wa viti vya mbele, na kurasa za katikati zina alama za vidole vya watu wa Laela. Tulilinunua hivyo hivyo, na tulishukuru.

Pamoja na Sani ninavyo vipande vya Chakubanga, katuni ya Christian Gregory iliyokuwa ikitoka katika gazeti la Uhuru, ambavyo marehemu baba alivikata kwa wembe wa kunyolea kisha akalalamika kwamba wembe umekuwa butu. Na chini kabisa ya sanduku nimelaza African Film chache za Lance Spearman, mali ya mjomba. Zile si za kuchora. Ni hadithi za kijasusi za picha za kupigwa, zilizotolewa na Drum mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mjomba alinunua kofia kwa ajili ya Spearman, na kwa kuwa Spearman haivui kofia yake hovyo, mjomba naye akawa haivui hata kanisani, mpaka katekista akamfuata nyumbani kuzungumza naye kiume.

Mama watoto hana ugomvi na Spearman. Ugomvi wake ni nafasi. Masanduku yamekaa mahali ambapo, kwa mujibu wa katiba ya nyumba hii, pangekaa gunia la maharage. Tumeishi na mgogoro huo miaka mingi bila msuluhishi. Kilichonisukuma niandike leo ni kingine: majarida yanageuka rangi. Kwanza kingo zinapata njano, halafu njano inaingia ndani, halafu ukurasa ukiukunja unakatika. Nikaambiwa dawa yake ni kila jarida kuliwekea kadibodi nyuma, kisha kulivika mfuko, lisimame wima, mgongo usijikunje na kona zisivunjike. Jambo dogo. Nikatoka kwenda kutafuta kadibodi.

Kabla ya kuwasimulia msiba wa kadibodi, lazima mjue ugonjwa wenyewe. Karatasi ya magazeti hutengenezwa kwa kuusaga mti kwa mashine, pamoja na lignini yake, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao. Ndiyo maana ni ya bei nafuu: hakuna aliyepoteza muda kuitoa gundi hiyo. Mwanga na hewa vikishaigusa, lignini hubadilika rangi na kuzaa asidi, na asidi huanza kuzikatakata nyuzi za karatasi kimya kimya. Karatasi nyingine na kadibodi nyingi za zamani zilitiwa pia shabu na utomvu wa paina ili wino usisambae, na shabu nayo inaleta asidi yake. Mmarekani mmoja, William Barrow, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwaeleza wakutubi jambo hili. Mwaka 1959 zilitoka habari za vitabu 500 vya Marekani alivyovipima, vilivyochapwa kati ya mwaka 1900 na 1949, na ikaonekana kwamba vingi mno havikuwa na nguvu ya kufikisha nusu karne nyingine. Hivyo ni vitabu vya watu wenye pesa. Jarida la kucheka la miaka ya 1980, nchi ikiwa haina hata karatasi za madaftari, lilichapwa kwenye karatasi iliyopatikana.

Ubaya wa asidi ni kwamba haikai kwake. Inahama. Ukiweka karatasi nzuri juu ya kadibodi mbaya, baada ya miaka utakuta kivuli cha kadibodi kimejichora kwenye karatasi. Kwa hiyo kadibodi ya kulindia jarida ikiwa na asidi ni afadhali usiweke kabisa. Kulaza Sani kwenye kadibodi ya boksi la biskuti ni kumlaza mtoto mzima kitanda kimoja na mwenye surua kwa sababu kitanda chenyewe ni kipana.

Nikaingia duka la vifaa vya shule. Kijana wa dukani ni mpole, mcha Mungu, amelelewa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Una kadibodi isiyo na asidi?"

"Isiyo na nini?"

"Asidi."

"Ya betri?"

"Ya karatasi."

Akafikiri. Nilimwona kabisa akifikiri, na nilimheshimu kwa hilo. Akainama chini ya meza, akaibuka na bunda la manila. Nyekundu, njano, kijani, bluu.

"Katika hizi, ipi haina asidi?" nikauliza.

"Hii ya pinki, mzee. Inapendwa sana na walimu."

Nikaenda kwa fundi wa fremu za picha, yule anayewatengenezea watu za mahafali na harusi. Akanionyesha anachoweka nyuma ya picha: hadibodi ya kahawia, ambayo ni mbao iliyosagwa na kugandamizwa, lignini imejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Nikamwambia itaiunguza picha. Akaniambia hajawahi kupata malalamiko. Hawezi kuyapata, picha huchukua miaka kuungua, na ikishaungua wenyewe husema ni uzee. Alipoona nasita, akanishauri silingbodi. Nilimuuliza jarida likishavikwa silingbodi nitalisomaje. Akasema, "Kwani unahifadhi au unasoma?" Swali hilo lilinikera kwa sababu lina akili.

Kwenye mitumba kuna kadibodi zinazokaa ndani ya mashati yaliyokunjwa vizuri, na nilishawishika, kwani ni nyembamba, ni ngumu, na muuzaji anazitoa bure. Ila ni za kijivu, na kadibodi ya kijivu ni makaratasi ya zamani yaliyosagwa upya, magazeti yakiwemo. Yaani ni Sani za watu wengine zilizokufa. Kuhusu maboksi ya sabuni na bia sitaki hata kuzungumza. Yale yenye mawimbi ndani yanaacha mistari ya kahawia kwenye jalada, ukitoa jarida baada ya miaka unakuta Madenge yuko gerezani.

Hapo ndipo ikabidi nimpigie mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam, anayejua kuagiza vitu ng'ambo kwa simu. Wenzetu Marekani wana biashara kamili ya jambo hili. Kadibodi zinauzwa kwa mabunda ya 100, nyeupe, upande mmoja unang'aa, na kila bunda limeandikwa kwamba halina asidi. Usishangae. Nchi ambayo jarida la senti 10 la mwaka 1938, Action Comics namba 1 lenye Superman, liliuzwa nakala moja kwa dola milioni 6 mwaka 2024, lazima itakuwa na watu wa kuliuzia kadibodi. Habari hiyo nilimpelekea mama watoto mbio mbio, nikiamini suala la gunia la maharage limekwisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na Sani moja imeuzwa shilingi ngapi?" Nikamwambia soko bado linajipanga.

Mpwa akaagiza. Mzigo ukafika Dar, ukatakiwa kupanda huku. Yule aliyetakiwa kuupeleka stendi alipoambiwa ni wa Sumbawanga, akauliza kwanza kama mwenye mzigo ni mtu wa kukasirika haraka, maana amesikia habari za radi zinazotumwa na watu wa huku. Hawa watu wa Pwani! Sisi huku tunalima mahindi yanayowalisha, wao wanachokijua kuhusu Ufipa nzima ni radi. Nilimwambia mpwa amjibu kwamba radi zipo ila zina foleni.

Bunda lilikuja limeandikwa kwa herufi kubwa, pande zote, lisikunjwe. Naamini aliyelipakia alikuwa hajapata wazo hilo mpaka aliposoma. Lilifika limekunjwa katikati, kwa ustadi, mstari ulionyooka kabisa. Kampuni ya usafirishaji siitaji, maana ndiyo hiyo hiyo italeta mzigo unaofuata.

Zile zilizosalimika nikazipima. Msiba wa pili. Kadibodi za Wamarekani zimekatwa kwa vipimo vya vitabu vyao vya katuni: upana wa sentimita 17 hadi 20 hivi, urefu karibu 27, na wana saizi tofauti kwa vya sasa, vya miaka ya 1960 na vya miaka ya 1940, kwa kuwa vitabu vyao vimekuwa vikipungua upana kadiri bei inavyopanda. Wana pia saizi ya majarida, sentimita 21.6 kwa 28, inayofuata karatasi yao ya ofisi. Sisi karatasi yetu ni A4, sentimita 21 kwa 29.7. Piga hesabu. Jarida lenye kimo cha A4 likiegemea kadibodi ya Kimarekani linachungulia juu kwa karibu sentimita mbili, na hizo sentimita mbili ndizo zitakazokunjika. Karibu dunia nzima inatumia A4 isipokuwa wao na nchi nyingine chache, na kadibodi nilizoletewa ni za kipimo chao. Sijui hapa mtu anamshitaki nani.

Tuseme saizi ilikaa. Bado kuna swali la nguo na mwili. Kadibodi zao za bei ya chini ni za nyuzi za mti zilizopikwa na kupaushwa, jambo jema, kwa kuwa lignini karibu yote imeondoka. Lakini ile kinga-asidi, yaani kalsiamu kaboneti, ambayo ni chokaa ile ile ya mawe isipokuwa imesagwa laini sana, hupakwa usoni tu. Ndiyo maana upande mmoja unang'aa, na ndiyo maana wanaojua hukwambia upande unaong'aa uelekee jarida. Chokaa hiyo kazi yake ni kuimeza asidi kabla haijafika kwenye karatasi. Ikiwa iko usoni tu, ikishaisha imeisha, na ndani hakuna akiba. Kadibodi za kweli, zile wanazotumia watu wa makavazi, hazina lignini na zimetiwa chokaa mpaka ndani, kiasi cha asilimia 3, na kipimo chake cha pH hucheza kwenye 8.5. Zipo nyembamba za milimita 0.6, na nene zinazopita milimita 1 kidogo. Kwa jarida kubwa chukua nene. Nyembamba itapinda, na jarida litapinda nayo.

Tatizo ni kwamba kadibodi ya usoni na kadibodi ya mpaka ndani zote zinaandikwa maneno yale yale kwenye bunda. Wenzetu wana kalamu ya kupimia. Unachora mstari, rangi inakwambia. Sikuwa na kalamu. Nilikuwa na rozela.

Wapishi mnajua: rozela ikichemshwa inatoa maji mekundu, na ukidondoshea magadi inageuka samawati au hata kijani. Rangi hiyo inaisikia asidi na inausikia uchumvichumvi wa magadi, haidanganyi. Nikachemsha sufuria nzito isiyo na sukari. Mama watoto akafurahi sana, akadhani nimeanza kujali shinikizo la damu. Nikapanga vipande mezani: kadibodi ya shati, ya boksi la biskuti, manila nyeupe, kadibodi ya Marekani, na karatasi ya kawaida ya fotokopi. Nikadondosha kwenye kila kimoja, nikasubiri. Ya shati ilibaki nyekundu. Ya boksi ilibaki nyekundu kwa kiburi. Manila ikawa nyekundu iliyochoka. Ya Marekani, upande unaong'aa, ikageuka ikawa kijivu chenye usamawati. Nikachukua kisu, nikaipasua unene wake, nikadondosha kwenye moyo wa kadibodi: nyekundu. Nikaikamulia na ndimu. Usoni vikatoka vipovu vidogo vidogo, kwa sababu chokaa ikikutana na asidi hutoa gesi. Moyoni hapakutoka hata kimoja.

Wakati huo mama watoto alikuwa amesimama mlangoni.

"Ndimu zangu," akasema.

"Ni sayansi."

"Sayansi ikale nini kesho?"

Lakini hebu sikieni habari ya karatasi ya fotokopi, maana ndiyo iliyonifanya nisahau ugali ulikuwa unapoa. Ile karatasi nyeupe ya rimu, inayouzwa kila mtaa Sumbawanga hii, tunayoandikia barua za kuomba kazi na mihtasari ya vikao vya harusi, iligeuka samawati safi. Viwanda vingi vya karatasi za ofisi viliacha shabu miongo kadhaa iliyopita, vikahamia kwenye chokaa, kwa sababu chokaa ni rahisi na inaifanya karatasi iwe nyeupe. Hawakutufikiria sisi. Walifikiria mfuko wao, nasi tumefaidika kwa bahati. Basi kwa asiye na mpwa Dar, hesabu ni hii: karatasi moja nyeupe ya A4 mbele ya kadibodi na nyingine nyuma ya jalada, au ndani ya majalada yote mawili kama jarida ni la karatasi mbaya sana, na ukiona zinaanza njano unazitoa unaweka nyingine. Pima rimu yako kwanza, kwenye kipande, si kwenye jarida! Nasema hivyo kwa kuwa nawafahamu ndugu zangu. Kuna mtu atadondosha rozela usoni mwa Kipepe halafu aje kunilaumu.

Mfuko nao una visa. Plastiki yenye harufu kali, inayonata na kuvuta wino, ni ya PVC, ikae mbali. Zinazofaa ni polithini, polipropilini, na bora kuliko zote poliesta, ile inayojulikana kwa jina la Mylar. Sasa nendeni mkaiulizie. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, ukimuuliza muuza duka kama ana mfuko mwororo unaoonyesha ndani, anatazama kwanza mlangoni, halafu anakutazama viatu. Nimejaribu kumweleza mmoja kwamba vifungashio si sawa na rambo. Akasema, "Mzee, wewe waeleze wao, mimi niache." Sikumlaumu. Ila wanaofunga mfuko kwa selotepu ya mdomoni kabisa nawalaumu sana, maana siku ya kulitoa jarida selotepu inamshika Lodi Lofa shavuni na haimwachi mpaka iondoke na ngozi.

Na pini za stepla. Hapa ndipo ninapokasirika Kifipa. Wazee wetu katika uwanda huu waliyeyusha chuma kwenye malungu, matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, wakafua majembe yaliyokwenda kubadilishwa na vitu vya mbali, na mabaki ya matanuri hayo yapo mpaka leo. Mjukuu wao ameshindwa na pini mbili za stepla. Zinapata kutu wakati wa masika, kutu inatafuna karatasi kuzunguka tundu, na siku moja ukurasa wa katikati unadondoka wenyewe. Hakuna kadibodi inayotibu hilo. Dawa ni ukavu: sanduku lisigusane na sakafu ya saruji wala ukuta, liinuliwe juu ya mbao, na vile vipakiti vya punje vinavyokuja ndani ya viatu vipya, vilivyoandikwa visiliwe, usivitupe.

Panya hajali pH. Hilo nimelithibitisha na sitalieleza zaidi.

Lakini tuna jambo moja ambalo Dar es Salaam hawana, nalo ni baridi. Sumbawanga tuko kama mita 1,800 juu ya bahari, na mwezi Juni wageni wanalala na koti. Asidi inafanya kazi kwa joto. Ukiipunguzia joto unaipunguzia kasi. Sani iliyokaa Mazwi chumba kisicho na jua, hata bila kadibodi, ina nafasi nzuri kuliko pacha wake aliyekaa Kariakoo chini ya bati. Nimekuwa nikilisema hili kwenye vikao: kama nchi hii ina mji uliojengwa na Mungu kwa ajili ya karatasi, ni huu. Watu wanapiga makofi kidogo na kurudi kwenye pombe yao ya kimpumu.

Wakati sisi tunapiga makofi, Wajerumani wanaandika. Rose Marie Beck alichapisha makala ndefu kuhusu katuni za Kiswahili mwaka 1999, na Jigal Beez ameandika kuhusu katuni za kwanza kwanza za Kiswahili, hadi za matangazo ya majarini. Ili kuandika hayo ilibidi mtu awe ameziona, na ili azione ilibidi mtu awe hakuzitupa. Nawaheshimu. Ila inaniuma kwamba siku mjukuu wangu akitaka kujua Pimbi alikuwa nani, huenda ikabidi aombe viza.

Kwa nini nasema hivyo? Mwaka jana, karibu na stendi, nilinunua karanga kwa mama mmoja, nikapewa kwenye kikaratasi kilichokunjwa pembe. Nikamwaga karanga mkononi, nikakunjua: Ndumilakuwili, nusu yake, anakimbia, na anayemkimbiza ameishia kwenye karanga za mteja mwingine.

"Mama, makaratasi haya umeyatoa wapi?"

"Kwa kilo, baba."

Nikanunua karanga zote. Yaliyobaki yalikuwa kurasa za mitihani ya darasa la saba na katuni robo. Kwa wiki nzima nyumbani tulikula karanga: mbichi, za kukaanga, kwenye mchicha, kwenye uji. Mama watoto hakusema neno, na kutosema kwake kulikuwa na urefu.

Basi ombi langu ni kwa wafanyabiashara wa Sumbawanga, mnaokwenda Tunduma na Dar kila wiki kuleta vitu ambavyo hakuna aliyeviomba. Leteni kadibodi. Saizi ya A4 au kubwa kidogo, nyeupe, unene usiopungua milimita 1, isiyo na lignini, yenye chokaa mpaka moyoni, na mje nayo imelala, si imekunjwa. Nitanunua bunda zima, na yupo mzee mmoja Chanji na mwalimu mmoja Katandala watakaonunua pia, ingawa wanaona aibu kusema. Nitakuja na rozela yangu mwenyewe kuipima hapo hapo kaunta. Na ya pinki msihangaike nayo. Hiyo tayari ipo.